Mchango wa bima ya afya ukatwe mkulima anapouza, si anapougua

KaraniKahawa (Mbozi)

Wakuu, habari za asubuhi. Nimeusoma sana mjadala wa bima ya afya kwa wote na naona wengi tunabishania kiasi: kaya ilipe ngapi, Serikali iongeze ngapi. Mimi nataka tujadili wakati. Fedha ichukuliwe lini?

Mimi ni karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya kahawa huku Mbozi. Kazi yangu ni mizani na daftari. Nani kaleta kilo ngapi, kalipwa malipo ya awali kiasi gani, anadai nini baada ya mnada. Kwa hiyo najua ni mwezi gani mwanachama ana fedha na mwezi gani hana. Kahawa yetu inavunwa kuanzia Mei hadi Septemba, wakati mwingine Oktoba. Fedha ikiingia mtu anaezeka nyumba, analipa madeni, anatoa mahari ya kijana wake. Ikifika Januari mfuko ni mweupe. Mbolea imenunuliwa, ada imelipwa, mahindi ya ndani yameanza kupimwa kwa kisado. Na hapo ndipo mvua imekolea na watoto wanaugua homa na vichomi.

Sasa mratibu wa CHF, ule Mfuko wa Afya ya Jamii wa kujiunga kwa hiari, anapita Februari kuhamasisha. Shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, kwa mwaka mzima. Si nyingi. Mwezi wa Agosti mwanachama wangu yeyote anaitoa bila kuuliza. Februari hana hata nauli ya kumpeleka mgonjwa. Kwa hiyo wanaojiandikisha Februari ni nani? Ni mwenye mgonjwa ndani. Anakopa kwa jirani, anakata kadi, anakwenda kutibiwa. Mwenye afya anasema atakata mwakani.

Hapo ndipo bima ya hiari inapokufa. Mfuko unabaki na wagonjwa watupu, fedha haitoshi, huduma inapungua, na hata wale wachache wazima waliojiunga wanaondoka. Tumeliona kwa Toto Afya Kadi, ile bima ya hiari ya watoto. Mzazi alikuwa analipa 50,400 kwa mtoto, na mwaka 2023 NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) wakasimamisha usajili wa mtoto mmoja mmoja na kuupeleka kwenye shule, kwa sababu wengi walioletwa walikuwa watoto ambao tayari wanaumwa. Siwalaumu wazazi hata kidogo. Ndivyo mzazi yeyote atakavyofanya ukimwachia hiari.

Hoja yangu ni hii. Kuchangia kuwe lazima kwa kila mwenye kipato, na kwa mkulima kukatwe pale pale anapouza. Tuseme kaya imeleta kilo 300 za kahawa kavu. Ukikata shilingi 100 kwa kilo umepata 30,000, kadi imelipwa, na mtu hajahisi maumivu kama anayoyahisi akiombwa noti taslimu kipindi cha njaa. Mfumo tunao. Mikopo ya pembejeo tunaikata hivyo hivyo kila msimu na hakuna anayeshangaa.

Karibuni, hasa mnaopinga.

MwalimuIleje

Naunga mkono nusu tu. Sisi watumishi tunakatwa tangu NHIF ilipoanza kazi mwaka 2001, sheria yenyewe ikiwa ya 1999. 3% ya mshahara wangu na 3% ya mwajiri, kila mwezi, sijawahi kuulizwa kama ninapenda. Na kwa kweli sijutii, maana mke wangu alifanyiwa upasuaji mkubwa na bili ile nisingeiweza kwa mshahara wa mwalimu. Kwa hiyo kuhusu lazima nakubaliana na wewe, mkuu.

Ninapotofautiana ni hapa. Kwa nini tumfuate mkulima kwenye mizani wakati kodi tayari anailipa? Akinunua sabuni amelipa VAT. Akiweka mafuta kwenye pikipiki amelipa tozo. Uingereza walianza huduma yao ya NHS tarehe 5 Julai 1948, nchi ikiwa imechoka na vita, na wakaamua gharama itoke kwenye kodi. Mgonjwa anaingia, anatibiwa, anaondoka. Hakuna kadi ya kuhuisha, hakuna mratibu wa kupita Februari. Viongozi wa Afrika walikaa Abuja mwaka 2001 wakaahidi 15% ya bajeti iende afya. Sisi hatujafika. Tufike kwanza hapo ndipo tuje kugusa kahawa ya mtu.

NesiMstaafu_Rungwe

Wanangu, hamjambo. Nimefanya kazi ya uuguzi kuanzia miaka ya 1980 na ninaomba niwaambie nilichokiona, kwa sababu naona mwalimu anaikumbuka huduma ya bure kwa kuisoma.

Baada ya Azimio la Arusha matibabu ya Serikali yalikuwa bure, na mwaka 1977 hospitali binafsi za biashara zikapigwa marufuku. Zahanati zilijengwa vijijini kwa wingi na ninaheshimu sana kazi ile. Lakini uchumi ulipoanguka, bure ikabaki kwenye jengo. Zahanati ilikuwa inapokea boksi la dawa kwa mwezi, zile zilizotolewa kwa msaada wa Denmark. Tunalifungua mwanzoni mwa mwezi, na kabla mwezi haujaisha dawa za malaria na za vichomi zimekwisha. Mama anakuja na mtoto anahema kwa tabu, unampima, unaandika kwenye daftari, unamwambia dawa hakuna. Hiyo nayo ilikuwa huduma ya bure.

Mwaka 1993 ukaja uchangiaji, yaani mgonjwa kulipia sehemu ya matibabu, ukianzia hospitali kubwa. Dawa ziliongezeka kiasi, siwezi kukataa. Lakini nikaona jambo lingine. Wagonjwa wakaanza kuchelewa. Mtu anasubiri nyumbani auze kuku, auze debe la mahindi, ndugu wachange. Anafika siku ambayo ugonjwa umeshamshinda yeye na sisi. Kama kuna njia mbaya kuliko zote ya kulipia afya ni hii ya kumdai mtu akiwa anaumwa. Huyo karani amelisema vizuri kwenye kichwa cha uzi wake.

Niongeze hili la msamaha, kwa sababu watu hawalizungumzi. Sera inasema mjamzito, mtoto chini ya miaka 5, na mzee wa miaka 60 kwenda juu asiye na uwezo watibiwe bila malipo. Maneno mazuri. Lakini nani anakirudishia kituo gharama? Mzee anakuja na barua ya mtendaji, anapewa huduma, ile dawa aliyopewa imetoka kwenye fungu lile lile la kituo na haitarudi. Basi mganga mfawidhi anaanza kumwona mzee kama hasara. Dirisha la wazee lipo, limeandikwa vizuri, na mzee anaambiwa dawa imekwisha, ajaribu duka la nje. Msamaha usio na fedha nyuma yake unamfanya muuguzi aonekane katili, na wengi wetu hatukuwa makatili.

DerevaTunduma

Shikamoo mama. Umetufungua.

Swali langu kwa karani: wewe una mizani. Sisi wa bodaboda tuna mizani gani? Napeleka hesabu kwa bosi kila jioni, kinachobaki ni cha chakula na mafuta ya kesho. Mwaka 2022 muswada ulipopelekwa bungeni tulisikia kaya ya watu 6 italipa 340,000 na mtu mmoja 84,000, na tukasikia kwamba bila bima hupati leseni ya udereva wala ya biashara. Kijiwe chetu kizima kilikasirika. Muswada ukarudishwa, na sheria iliyopita 2023 ikaja imelainishwa.

Lakini baada ya kufikiri sana naomba niseme jambo ambalo wenzangu kijiweni hawatalipenda. Sisi ndio tunaojaza wodi za mifupa. Kila wiki kuna mwenzetu kavunjika mguu kwenye barabara kuu, hapa mpaka Vwawa, mpaka Mlowo. Tunachangishana kwenye kofia. Kofia inatoa nini? Inatoa nauli ya kumfikisha Mbeya. Zile skrubu na vyuma vya kuunga mfupa ndugu wanauza shamba. Kwa hiyo mimi naona wenye pikipiki tunaweza kuchangia kupitia bima ya chombo, ambayo tunailipa kila mwaka tupende tusipende. Sheria yenyewe imetaja ada kwenye bima ya vyombo vya moto kuwa chanzo kimojawapo, pamoja na ushuru wa vinywaji vyenye gesi, vileo, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Ninachokataa ni kudaiwa laki tatu kwa mkupuo.

MamaViazi_Isyonje

Mimi nilikuwa na kadi ya CHF. Nilikata kwa hiari, nikiwa mzima, watoto wazima. Kwa hiyo karani usiseme wote tunasubiri ugonjwa.

Mtoto alipougua nikaenda kituoni, sitakitaja. Nikaonyesha kadi. Nikapokelewa vizuri, nikaandikiwa dawa za aina tatu. Dirishani wakanipa moja, panadol. Nyingine nikaambiwa nikanunue nje. Duka liko hatua chache kutoka getini na dawa zote zilikuwepo. Nikalipa fedha taslimu, na kadi iko mkononi. Safari nyingine ikawa hivyo hivyo. Mwaka ulipoisha sikuihuisha, na jirani zangu niliokuwa nimewashawishi nao wakaacha, tena wakiniangalia mimi.

Sasa mnataka nikatwe kwenye gunia la viazi kwa lazima. Nikatwe ili nipate nini?

MfamasiaMwanjelwa

Dada yangu, swali lako ndilo kiini. Naomba nilieleze kwa upande wa dawa, maana ndiko ninakoishi.

Kituo kinapata fedha kwa njia mbili kubwa. Moja ni kulipwa kwa kila huduma: kipimo hiki bei hii, dawa hii bei hii. Ndivyo NHIF inavyolipa hospitali kwa sehemu kubwa. Faida yake ni kwamba mgonjwa mwenye kadi ya NHIF anapendwa. Hasara yake ni kwamba kadiri unavyompima na kumwandikia ndivyo unavyoingiza, kwa hiyo mtu mwenye mafua anatoka na vipimo vinne na mfuko wa dawa. Mfuko ukizidiwa unapunguza bei na kuondoa baadhi ya dawa kwenye orodha, hospitali binafsi zinagoma. Mwezi Machi 2024 tuliona hilo likitokea, kitita kipya, yaani orodha mpya ya huduma na bei zake, kilipoanza na baadhi ya hospitali zikasitisha kuhudumia wanachama. Aliyeumia ni mwanachama aliyekatwa mshahara miaka yote.

Njia ya pili ni kulipwa kwa kichwa. Kituo kinapewa fedha kwa idadi ya watu waliojiandikisha kwake, wagonjwa na wazima. Thailand walipoanzisha mpango wao wa baht 30 kati ya 2001 na 2002, kwa fedha za kodi, waliutumia mtindo huu kwa wagonjwa wa nje, na gharama hazikuwakimbia. Kituo kinapata faida watu wake wakiwa wazima, hivyo kinajali chanjo, vyandarua na presha mapema. Hatari yake ni kituo kumnyima mgonjwa dawa ili fedha ibaki.

CHF tatizo lake ni lingine kabisa, dada. Fedha yenyewe ni ndogo. Shilingi 30,000 gawanya kwa watu 6 unapata 5,000 kwa mtu kwa mwaka. Serikali ilitakiwa kuongeza kiasi kinacholingana, ule utaratibu wa tele kwa tele, lakini ukichelewa kituo hakina cha kuagizia Bohari ya Dawa. Ninachokuambia ni kwamba yule nesi wa dirishani hakukuficha dawa. Kabati lilikuwa tupu kweli. Mchango wako haukutosha kulijaza hata kama ungekuwa na wenzako elfu moja.

MnyaluKilolo

Mfamasia amegusa kidonda. 5,000 kwa mtu haitoshi, 340,000 kwa kaya haiwezekani kwa mkulima wa kawaida. Pengo la katikati ni la Serikali. Hakuna nchi maskini niliyoisoma iliyoziba pengo hilo kwa michango ya wakulima peke yake.

Ghana walipotunga sheria yao mwaka 2003 waliweka nyongeza ya 2.5% kwenye kodi ya mauzo, na hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mfuko wao. Rwanda wao waligawa kaya kwa uwezo. Maskini kabisa analipiwa, mwenye nacho analipa zaidi, na mgonjwa hospitalini anatoa 10% ya bili. Wakaifanya lazima, na viongozi wa ngazi za chini wakapimwa kwa idadi ya kaya zilizochangia. Hilo la mwisho lina ubaya wake, watu wanaweza kusukumwa, lakini waliojiunga ni wengi mno kuliko sisi. Kenya walibadilisha mfuko wao Oktoba 2024, wakaweka 2.75% ya kipato na kima cha chini shilingi 300 zao kwa mwezi. Mwenye mshahara anakatwa vizuri. Jua kali na mkulima ndio wanaowasumbua, kwa sababu wao wanatakiwa kulipa mwaka mzima mbele. Karani, hiyo ni hoja yako wewe: ni wakati, si kiasi tu.

Huku Iringa tuna Tosamaganga na Ilula, hospitali za makanisa ambazo zinabeba mzigo mkubwa wa wananchi. Ukienda Makete kuna Ikonda, watu wanatoka Songwe na hata mbali zaidi kuifuata. Hospitali hizi haziishi kwa ushuru. Mpango wowote wa kitaifa ukizisahau, au ukizilipa kwa kuchelewa, mtakuwa mmefunga hospitali ambazo mkulima anaziamini kuliko zote.

BintiMakete

Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyetaja ARV, dawa za kufubaza VVU. Samahani kwa ukali lakini hatuwezi kujadili kulipia afya Nyanda za Juu Kusini tukaliruka hilo.

Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na zaidi Njombe ni 12.7%, Iringa 11.1%, Mbeya 9.6%. Ni mikoa mitatu ya juu kabisa nchini, na yote ni yetu. Hizi dawa watu wanazipata bure, na ndizo zimewafanya baba na mama zetu waendelee kulima. Mimi nimelelewa na shangazi kwa sababu wazazi wangu waliugua kabla dawa hazijafika kijijini. Wadogo zangu wa leo wanalelewa na wazazi wao. Tofauti ni vidonge.

Vidonge hivyo analipa nani? Sehemu kubwa ni Marekani kupitia PEPFAR, mpango wao wa kupambana na UKIMWI, tangu 2003, na Mfuko wa Dunia. Januari 2025 Marekani waliposimamisha misaada ya nje, kliniki zilipata mshtuko. Wahudumu wa jamii waliokuwa wakifuatilia wagonjwa majumbani walisimama kazi. Watu waliogopa kiasi cha kuanza kutunza vidonge, wengine kumeza siku moja na kuacha siku nyingine. Kila anayejua dawa hizi anajua hatari ya kufanya hivyo.

Kwa hiyo nauliza: siku mfadhili akifunga mkono kabisa, gharama ile itaingia kwenye kitita cha 30,000? Ile kadi ya CHF hata ngazi ya rufaa inaishia hospitali ya mkoa, haifiki hospitali ya Kanda. Mwalimu Ileje ana haki. Kuna magonjwa ambayo ni lazima yalipiwe na kodi ya nchi nzima, kwa sababu mkoa ulioumia zaidi hauwezi kujibeba wenyewe. Mkulima wa Njombe asichangie zaidi kwa kuwa Njombe ina wagonjwa wengi. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekula viazi vyetu achangie na yeye.

KaraniKahawa (Mbozi)

Dada Binti Makete, pole sana, na ahsante. Nakubali: VVU, kifua kikuu, chanjo, kujifungua, hayo yawe kodi moja kwa moja na yasiwekwe kwenye kadi ya mtu yeyote. Mchango wa msimu uhusu yale mengine: homa, upasuaji, kulazwa, ajali, kisukari, presha.

Mwalimu, nikujibu kuhusu kodi. Naipenda hoja yako lakini ninaogopa jambo moja. Kodi ya jumla ikiingia mfuko mkuu haina jina. Mwaka ukiwa mbaya inakwenda kwingine, na mwananchi hana daftari la kuonyesha kwamba alichangia. Mwanachama wangu ana risiti ya kila kilo. Akinyimwa dawa atakuja ofisini kwangu na hiyo risiti na atapiga kelele kwenye mkutano. Kodi haina mahali pa kupigia kelele. Ndiyo maana nataka vyote viwili: kodi ijaze pengo walilolitaja mfamasia na Mnyalu, na mchango wa msimu umpe mkulima mdomo.

Mnaolia kwamba mkulima anaongezewa mzigo, nina pendekezo ambalo naomba mlichanganue. Halmashauri tayari zinatoza ushuru wa mazao: 3% kwa mazao ya biashara na 2% kwa ya chakula, tangu yalipofanyika mabadiliko ya 2017. Kisheria anayelipa ni mnunuzi, ingawa wote tunajua anaipunguza kwenye bei ya mkulima. Kwa nini sehemu ya ushuru huo isifungiwe kwa ajili ya kadi za afya za kaya zilizouza? Halmashauri inatakiwa kutenga 10% ya mapato yake kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Kumbe kufungia fedha kunawezekana. Hakuna shilingi mpya inayotoka kwa mkulima.

MamaViazi_Isyonje

Kahawa ina AMCOS. Viazi vina nini? Lori linatoka Dar, dalali anakuja shambani, tunapakia lumbesa, nalipwa mkononi. Lori likipita geti la ushuru linalipa, lakini geti linahesabu magunia. Jina langu halipo popote. Na mwenye mzigo usiofika tani moja halipi hata huo ushuru akivuka halmashauri. Sisi wanawake tunaouza magunia matano matano sokoni Uyole hatumo kabisa kwenye hesabu yako, kaka.

KaraniKahawa (Mbozi)

Hapo umenishika pazuri na sitakudanganya. Kahawa ya Mbozi, kakao ya Kyela inayopita stakabadhi ghalani, chai ya Rungwe na Mufindi ambayo mkulima anapima majani kila wiki na kulipwa kila mwezi, hizo zina daftari lenye majina. Viazi, mahindi, mpunga, ndizi na parachichi nyingi hazina. Na wakulima wa hayo ndio wengi.

Naona njia ya kuanzia: dalali au mnunuzi akikata stakabadhi ya ushuru aandike majina ya wakulima aliowanunulia na namba zao za simu, hata kama ni ishirini kwa lori moja. Mashine za kukusanyia ushuru zinaweza kuongezewa sehemu hiyo. Wale wa magunia matano, ambao hawapiti geti, waingizwe na kikundi. VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, wanafanya mgao mwisho wa mwaka, fedha ikiwa mezani. Kikundi kikate kadi za wanachama wote siku ya mgao kabla hawajatawanyika.

NesiMstaafu_Rungwe

La VICOBA nimeliona likifanyika na linakwenda. Kikundi changu Tukuyu tulikubaliana hivyo, na jambo zuri ni kwamba wazima na wagonjwa wote wanaingia pamoja.

Nina ombi moja kwa mnaopeleka mapendekezo. Msiandike "kaya ya watu 6" kama kwamba nyumba zetu ziko hivyo. Bibi analea wajukuu wanane, hao wawili wa ziada watatibiwa na nani? Mtoto yeyote wa chini ya miaka 18 anayelala nyumba hiyo ahesabiwe ndani ya kadi ile ile.

MwalimuIleje

Mama, hilo la wajukuu liwe la kwanza kabisa. Darasani kwangu wapo.

Karani, umenisogeza kidogo. Ninachobaki nacho ni hofu ya tozo. Mwaka 2021, Julai, tulipoanza kukatwa kwenye miamala ya simu watu waliumia sana, mpaka Serikali ikapunguza. Lakini fedha ile ilijenga vituo vya afya na vinaonekana. Tatizo ni kwamba jengo linajengwa mara moja, dawa zinatakiwa kila siku. Kwa hiyo fedha ya ushuru ikifungiwa, ifungiwe dawa na mishahara ya wahudumu. Tusije tukaonyeshwa jengo lingine la kufunguliwa kwa utepe.

DerevaTunduma

Nakazia la mwalimu. Na la maiti lisisahaulike. Serikali imekataza zaidi ya mara moja hospitali kuzuia mwili wa marehemu kwa sababu ya deni, lakini bado ndugu wanazungushwa. Mwenzetu wa kijiwe alikaa mochwari huku sisi tukichanga. Deni la marehemu lipelekwe kwenye mfuko, lisiwasubiri wafiwa mlangoni.

MfamasiaMwanjelwa

Karani, ukiandika pendekezo lako ongeza jambo moja la kitaalamu. Dawa ikikosekana dirishani, kituo kiwe na mkataba na duka la dawa la karibu. Mgonjwa achukue kwa kadi, duka lilipwe na kituo, na kituo kikatwe kwenye fedha yake ya mwezi unaofuata. Leo dawa zikikosekana anayelipa gharama ya uzembe au ucheleweshaji ni mgonjwa. Ikihamia kwa kituo na kwa anayekichelewesha, mtaona maagizo yanavyowahi kufika Bohari.

MamaViazi_Isyonje

Hilo la duka likiandikwa, mimi nakubali kukatwa. Magunia yangu yahesabiwe na jina langu liwepo. Kama halimo, kadi sitaki, nitaendelea kuweka fedha yangu kwenye kibubu.

KaraniKahawa (Mbozi)

Nimeliandika, dada. Mkutano mkuu wa AMCOS yetu ni kabla ya msimu kufunguliwa. Nitapeleka mambo manne: kukata kwa kilo badala ya kaya kuja na taslimu, sehemu ya ushuru kufungiwa kwa dawa, wajukuu wote kuwemo kwenye kadi, na mkataba wa duka la nje. Afisa ushirika na mganga mkuu wa wilaya tutawaalika. Mwenye namna bora ya kuyaandika majina ya wakulima wa viazi getini aiweke hapa, maana hiyo bado haijakaa sawa.